Upasuaji wa Macho kwa Leza Ukileta Madhara: Haki za Mgonjwa na Njia za Kudai

Matibabu ya macho kwa mionzi ya leza si habari ya nchi za mbali tena. Wakazi wa kata mbalimbali hupewa rufaa kutoka zahanati na vituo vya afya kwenda hospitali kubwa, na wengine huenda wenyewe katika hospitali binafsi za mijini. Huko leza hutumika kuchonga upya konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho, ili mtu apunguze haja ya miwani. Kuondoa ukungu unaojitokeza nyuma ya lenzi bandia baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Kutibu mishipa ya damu ya retina iliyoharibiwa na kisukari. Na kushusha presha ya jicho. Wengi hurudi wakiwa na nafuu. Wachache hurudi na malalamiko, na mara nyingi hawajui waanzie wapi.

Si kila madhara ni uzembe

Kila upasuaji una hatari zake zinazojulikana. Baada ya konea kuchongwa, macho makavu na miduara ya mwanga kuzunguka taa nyakati za usiku ni mambo ya kawaida. Kwa wengi hupungua kadiri miezi inavyopita, ingawa kwa baadhi hubaki. Leza ya kisukari hulinda uoni wa kati, lakini huweza kupunguza uoni wa pembeni na wa gizani. Mambo hayo yakitokea licha ya uangalifu wote, sheria haimhesabu daktari kuwa mkosaji.

Uzembe ni pale mtaalamu anaposhuka chini ya kiwango cha uangalifu kinachotarajiwa kwa mwenye taaluma kama yake. Mfano ni kuchonga konea bila kwanza kupima unene na umbo lake. Mtu mwenye keratokonasi, ugonjwa unaoifanya konea kuwa nyembamba na kuchongoka, hapaswi kufanyiwa upasuaji huo. Konea dhaifu ikichongwa huzidi kulegea, na uoni waweza kuharibika kiasi ambacho miwani haiwezi kuurekebisha. Mifano mingine ni kutibu jicho lisilohusika, kutumia vipimo vya mgonjwa mwingine, au kumrudisha nyumbani bila uchunguzi mgonjwa aliyekuja na maumivu makali.

Ridhaa si sahihi tu

Kabla ya upasuaji, mgonjwa hutia sahihi fomu ya ridhaa. Fomu hiyo haimwondolei haki ya kudai endapo kutakuwa na uzembe. Aidha, ridhaa huwa na maana pale tu mgonjwa anapokuwa ameelezwa, kwa lugha anayoielewa, faida za tiba, hatari zake na njia mbadala, ikiwamo ya kuendelea kuvaa miwani. Mwananchi anayo haki ya kuuliza na kupewa muda wa kufikiri kabla ya kutia sahihi.

Jicho kwanza, madai baadaye

Maumivu yanayozidi, wekundu, usaha, kupungua kwa uoni kwa ghafla, vimulimuli, au kivuli kama pazia linaloshuka mbele ya jicho ni dalili za dharura. Mgonjwa afike hospitali siku hiyo hiyo, hata kama amekwishakosana na waliomtibu. Anaweza kwenda hospitali nyingine. Maambukizi ndani ya jicho au retina iliyobanduka huweza kuleta upofu wa kudumu, na hakuna fidia inayorudisha uoni uliopotea.

Kumbukumbu

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mgonjwa atunze stakabadhi, vyeti vya vipimo, nakala ya fomu ya ridhaa na kadi za miadi, na aandike tarehe ya kila dalili. Aombe kwa maandishi taarifa zake za matibabu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatambua haki ya mtu kuzifikia taarifa zinazomhusu. Uchunguzi wa daktari bingwa wa macho wa hospitali nyingine utasaidia tiba na ushahidi pia.

Mahali pa kulalamika

Hatua ya kwanza ni uongozi wa hospitali husika, kwa barua, na mlalamikaji abaki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa. Kwa vituo vilivyomo wilayani, lalamiko laweza kufikishwa kwa Mganga Mkuu wa Wilaya.

Mwenendo wa daktari husimamiwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, chini ya sheria ya mwaka 2017 inayohusu madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi. Wauguzi na wataalamu wa optometria wana mabaraza yao. Baraza laweza kumwonya mtaalamu, kumsimamisha au kumfuta katika daftari la usajili. Kazi yake ni nidhamu ya taaluma. Anayetaka fidia huelekea mahakamani.

Mahakamani

Mdai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Anapaswa kuonyesha kuwa mdaiwa alikuwa na wajibu wa kumhudumia kwa uangalifu, kuwa wajibu huo ulikiukwa, na kuwa madhara aliyoyapata yalitokana na ukiukwaji huo. Sharti la mwisho ndilo huangusha madai mengi, kwa kuwa jicho laweza kudhoofika kwa sababu ya ugonjwa uliokuwapo tangu awali. Hivyo ushahidi wa daktari bingwa ni muhimu sana. Hospitali nayo yaweza kudaiwa kwa makosa ya mtumishi wake aliyoyatenda kazini.

Muda

Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, shauri la madhara yatokanayo na uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3, na la kuvunja mkataba ndani ya miaka 6. Kulalamika hospitalini au barazani hakusimamishi hesabu hiyo. Kwa hospitali ya Serikali, mdai hutakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90, kisha shauri hufunguliwa Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali huunganishwa. Anayengoja hadi mwaka wa 3 uishe anaweza kukuta mlango umefungwa, hata kama haki ilikuwa upande wake.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Wananchi wanashauriwa kufika ofisi ya mtendaji wa kata au ofisi ya ustawi wa jamii ya Halmashauri, ili waelekezwe kwa watoa msaada waliosajiliwa, wakiwa na nyaraka zao zote mkononi.