Nakala Isiyoguswa

Wahenga walisema akiba haiozi. Filamu ya nitrati ni akiba inayooza, na kuoza kwake ndiko kulikozaa taasisi tunayoizungumzia katika sura hii. Tangu sinema ilipoanza miaka ya 1890 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, karibu kila filamu ya milimita 35 iliyoonyeshwa kwenye kumbi ilichapwa juu ya utepe wa selulosi nitrati. Ni utepe mwangavu na imara, lakini kikemia una asili moja na baruti ya pamba. Ukishika moto hujitolea oksijeni yake wenyewe, kwa hiyo maji hayauzimi. Ukiachwa tu kabatini hutoa mvuke wenye asidi, asidi hiyo huzidi kuuozesha, picha hufifia, utepe hunata, na mwishowe hubaki unga wa kahawia ndani ya kopo. Juu ya hayo kulikuwa na mkono wa binadamu. Picha ya nyeusi na nyeupe imejengwa kwa chembe za madini ya fedha, na nakala iliyokwisha kuchosha watazamaji iliuzwa ili madini hayo yachujwe. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, sinema bubu zikageuka bidhaa isiyo na mnunuzi. Mwaka 2013 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti ya mwanahistoria David Pierce kuhusu filamu ndefu zisizo na sauti zilizotengenezwa nchini humo. Alihesabu filamu 10,919. Zilizosalia nzima katika umbo lake la asili zilikuwa takriban asilimia 14.

Hatari hiyo ilikwisha kuonekana mapema. Machi 1898, miaka michache tu baada ya ndugu Lumière kuonyesha picha zao hadharani, Bolesław Matuszewski, mpiga picha wa Kipolandi aliyekuwa Paris, alichapisha kijitabu akidai kwamba picha zinazojongea ni chanzo kipya cha historia na zinastahili ghala rasmi la umma. Miaka zaidi ya 30 ikapita kabla wito huo haujaitikiwa kwa upana. Kuna waliotangulia, kama Jumba la Makumbusho ya Vita la London, lililoanza kupokea filamu za Vita Kuu mara baada ya vita hivyo kwisha, lakini hao walihifadhi kumbukumbu za tukio moja. Ucheleweshaji huu mara nyingi huelezwa kuwa ni dharau: wasomi waliiona sinema kuwa mchezo wa sokoni. Dharau ilikuwapo, ila naona sababu nzito zaidi ilikuwa ya kibiashara. Kitabu huuzwa, na mwenye kukinunua anaweza kukiweka rafuni miaka mia. Filamu, ukiacha miaka ya mwanzo, haikuuzwa kwa mtazamaji wala kwa ukumbi. Ilikodishwa, ikarudishwa kwa mwenyewe, kisha ikaharibiwa ili isije ikaonyeshwa na mtu asiyelipa. Maktaba ya umma, hata ingekuwa na hamu na fedha, haikuwa na duka la kwenda kununua.

Nchini Uingereza mlango ulifunguliwa na walimu kuliko wapenzi wa sinema. Tume iliyochunguza matumizi ya filamu katika elimu na utamaduni ilitoa ripoti yake mwaka 1932, na mwaka uliofuata ikaundwa Taasisi ya Filamu ya Uingereza. Fedha zake zilitoka mahali pasipotarajiwa: sheria ya 1932 iliyoruhusu kumbi kufunguliwa Jumapili ilitenga sehemu ya mapato ya siku hiyo kwa ajili ya mfuko wa sinema. Mwaka 1935 taasisi hiyo ikaanzisha Maktaba ya Taifa ya Filamu na kumkabidhi Ernest Lindgren, kijana aliyezaliwa 1910, ambaye angeiongoza hadi alipofariki mwaka 1973. Hakuwa peke yake. Stockholm walikwisha kuanza mwaka 1933; Berlin na New York walianza mwaka huohuo wa 1935; Paris wakafuata 1936, pale Henri Langlois na Georges Franju walipoasisi Cinémathèque française. Juni 1938 wawakilishi wa London, Paris, New York na Berlin walitia saini mjini Paris mkataba wa kuunda shirikisho la kimataifa la hifadhi za filamu. Kwamba nchi zote hizo ziliamka ndani ya miaka mitano si sadfa. Maangamizi ya sinema bubu yalikuwa yakitokea mbele ya macho yao.

Kukusanya kulikuwa kazi ya wengi, basi. Kilichoitofautisha London ni kanuni. Tangu mwanzo Lindgren aligawanya maktaba yake sehemu mbili: moja ya kuazimisha filamu kwa shule na vyama, nyingine ya kuhifadhi. Filamu iliyoingia katika sehemu ya pili haikupitishwa tena kwenye projekta. Aliyetaka kuitazama alihitaji nakala nyingine iliyochapwa kutokana nayo, na kama hapakuwa na fedha za kuchapa nakala hiyo, basi asubiri. Sababu ni ya kimakanika kabla ya kuwa ya kifalsafa. Projekta huuvuta utepe kwa meno yanayoingia kwenye matundu ya kando. Kila onyesho huchubua, huchosha matundu, na siku mbaya hukata. Filamu isiyo na negativu, ambayo imesalia nakala moja duniani, inapungua kila inapoonyeshwa. Mkulima mwenye njaa anajua tofauti ya nafaka ya kula na mbegu ya msimu ujao, na anajua pia kwamba siku ya kuila mbegu hakuna sheria itakayomzuia isipokuwa ile aliyojiwekea mwenyewe. Hoja yangu katika sura hii ni kwamba hifadhi ya umma huzaliwa siku inapojiwekea sheria ya namna hiyo. Kabla ya hapo ni rundo la makopo, hata yakiwa maelfu.

Kanuni hiyo ilidai ufundi, na hapa ndipo historia ya taasisi hii inapovutia zaidi. Mwaka 1940, vita vikiwa vimepamba moto, filamu zilikuwa zikihamishiwa kwenye maghala ya Aston Clinton, kijijini Buckinghamshire, mbali na mabomu ya London. Aliyegeuka mhimili wa kazi hiyo ni Harold Brown, aliyeingia kwenye taasisi mwaka 1935 akiwa tarishi wa ofisi. Tatizo lake lilikuwa hili: nitrati zote zitaoza, lakini haziozi kwa mwendo mmoja, na utepe unaoonekana mzima kwa macho unaweza kuwa umebakiwa na muda mfupi tu. Kunakili kila kitu kwa pamoja hakukuwezekana. Fedha hazikutosha hata kwa sehemu ndogo. Ikatumika njia ya kuupima uhai wa kila filamu. Kipande kidogo cha mviringo kilitobolewa kutoka kwenye utepe, kikatiwa ndani ya mrija wa kioo pamoja na karatasi iliyoloweshwa rangi nyekundu ya alizarini, kisha mrija ukapashwa moto. Mvuke wa asidi ulipoanza kutoka, rangi ya karatasi ilipauka. Dakika zilizopita kabla ya kupauka zilionyesha filamu imebakiza maisha kiasi gani, na kwa hiyo ipi inakiliwe leo na ipi inaweza kungoja. Kwa filamu zilizokwisha kusinyaa, ambazo mashine za kawaida zingezirarua, Brown alijiundia mashine ya kunakili kwa vipuri alivyookoteza. Huyu si mtu aliyefungia filamu kabatini na kuondoka na ufunguo. Kutokugusa, kwa maana ya Lindgren na Brown, kulikuwa kazi ya kila siku.

Langlois hakukubaliana nao, na pingamizi lake lastahili kusikilizwa kwa uzito wote. Kwake, filamu isiyoonyeshwa ni maiti, na hifadhi isiyo na ukumbi ni makaburi. Alionyesha alichokuwa nacho, usiku baada ya usiku, na matokeo yanajulikana: kizazi cha akina François Truffaut, Jean-Luc Godard na Jacques Rivette kilijifunza sinema kwenye viti vya Cinémathèque, kisha kikaibadilisha sinema ya dunia. Serikali ilipomwondoa Februari 1968, wakurugenzi wa filamu kutoka nchi nyingi walipinga, waandamanaji wakaingia mitaani, na baada ya wiki chache akarudishwa. Lindgren hakuwahi kupendwa namna hiyo. Kuna watafiti waliokasirishwa naye kwa sababu filamu waliyoihitaji ilikuwa ghalani London na hawakuweza kuiona. Hasira yao ilikuwa ya haki. Lakini tuangalie kilichowakosesha. Kanuni haikukataza kutazama. Ilikataza kutazama nakala ya mwisho. Kilichokosekana ni fedha za nakala ya pili, na lawama hiyo ni ya bajeti na walioipitisha. Kwa upande wa pili, deni la Langlois lililipwa na filamu zenyewe. Julai 1959 nitrati zilizokuwa kwenye majengo yake ya mtaa wa Courcelles mjini Paris ziliungua, na mwaka 1980, yeye akiwa amekwisha kufariki, ghala jingine la Cinémathèque huko Le Pontel likateketea. Moto ungeweza kutokea popote, London ikiwamo. Tofauti ni kwamba filamu iliyokwisha kupimwa, kuorodheshwa na kunakiliwa huacha kitu nyuma yake.

Ipo hoja ya pili dhidi ya Lindgren, na kwa hoja hiyo sina utetezi kamili. Uingereza haikuwahi kuwa na sheria ya kumlazimisha mtayarishaji wa filamu kuwasilisha nakala kwa taifa, kama inavyofanyika kwa vitabu. Lindgren aliipigania sheria hiyo na hakuipata. Ilimbidi aombe, na kwa kuwa ghala na fedha vilikuwa na mpaka, aliunda kamati za kuchagua filamu zipi ziombwe. Wajumbe walikuwa watu wenye elimu na nia njema. Hata hivyo, kamati huchagua kwa macho ya zama zake. Tazama yaliyotokea mwaka 1994 mjini Blackburn. Katika ghorofa ya chini ya ardhi ya duka lililokuwa likibomolewa sehemu zake za ndani yalipatikana mapipa yenye negativu takriban 800 za kampuni ya Mitchell na Kenyon, zilizopigwa mwanzoni mwa karne ya 20: wafanyakazi wakitoka viwandani, watoto kwenye maandamano ya mtaa, mechi za mpira, watu wakitazama kamera kwa udadisi. Kampuni ilizipiga ili watu walipe kiingilio wajione wenyewe jioni ileile. Leo ni miongoni mwa hazina zinazothaminiwa sana katika hifadhi hiyohiyo ya Uingereza. Ni vigumu kuamini kwamba kamati yoyote ya 1935 ingeandika barua kuziomba. Langlois, aliyepokea kila kitu bila kuuliza thamani yake, alikuwa sahihi katika jambo hili, na usahihi wake haupunguzwi na uzembe wake wa ghalani. Ni maswali mawili yaliyochanganywa kwa muda mrefu mno: nini kiingie, na kilichoingia kitendewe nini. Jibu la Paris lilifaa swali la kwanza, la London la pili.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki maswali haya yana ushahidi wa karibu. Mwaka uleule wa 1935 ulianza mradi wa filamu za elimu kwa Waafrika huko Vugiri, kwenye milima ya Usambara, Tanganyika, chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa msaada wa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Hadi mwaka 1937 zilitengenezwa filamu 35 za milimita 16, zikazungushwa kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na kusini zaidi, maelezo yakisikika kutoka kwenye sahani za santuri kwa Kiswahili na lugha nyingine. Zinazojulikana kusalia ni tatu: moja kuhusu mafunzo ya tiba ya mifugo, moja kuhusu safura, na moja kuhusu mashamba ya wakulima wa Kingolwira, karibu na Morogoro. Zote tatu ziko kwenye hifadhi ya London. Utepe wa milimita 16 haukuwa wa nitrati, kwa hiyo baruti haina kesi hapa. Zilikuwa vifaa vya kufundishia, na yaelekea yalizipata yale yanayokipata kifaa cha kufundishia: kilitumika, kikachakaa, na hapakuwa na mtu aliyepewa wajibu wa kuweka nakala moja kando. Mtu anaweza kusema hasara si kubwa, kwani zilikuwa filamu za wakoloni, zenye kumwona Mwafrika kama mwanafunzi wa milele. Ni kweli zilikuwa hivyo. Lakini nyuso, mikono, nyumba na mashamba yaliyomo ni ya watu wa Tanganyika wa enzi hizo, na mwanahistoria anayetaka kuukosoa mtazamo wa mpiga picha anahitaji picha yenyewe mbele yake.

Linabaki swali la mahali. Kwa nini Mtanzania amtazame babu wa babu yake kwenye ghala la Uingereza? Jibu la zamani, kwamba huko ndiko kulikokuwa na baridi na wataalamu, lilieleza ukweli fulani bila kuuhalalisha. Mwaka 2011 Uingereza ilijenga huko Gaydon, Warwickshire, ghala linalotunza filamu katika nyuzi 5 chini ya sifuri na unyevu wa asilimia 35, mazingira yanayosimamisha karibu kabisa kuoza kwa nitrati na kwa asetati iliyoifuata, ambayo nayo hunuka siki inapoanza kufa. Ghala la namna hiyo ni ghali kwa nchi yoyote. Ila kanuni ya 1935 haikusema kwamba nakala ya kutazama ibaki jengo moja na nakala ya kuhifadhi. Ilisema ziwe mbili, na kazi zake zisichanganywe. Kuchapa nakala kwa njia ya kidijitali leo hakuhitaji mashine ya vipuri vya kuokoteza. Tangu 2010 kuna orodha iliyotayarishwa na vyuo na hifadhi za Uingereza yenye filamu zaidi ya 6,000 zinazohusu makoloni yake, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hajui kilichomo kwenye makopo. Nakala za kutazama za filamu za Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar zinaweza kuwa Dodoma, Nairobi, Kampala na Unguja, pamoja na haki ya kuzionyesha, bila utepe mmoja wa asili kutolewa kwenye baridi yake, na gharama ya kuzichapa inapaswa kubebwa na yule aliyezikusanya.