Pozi Si Sura: Venye Utatokelezea kwa Picha

Mnajua ile grupu ya WhatsApp yenye picha za wikendi zikimwagwa Jumapili jioni, kila mtu anacheki uso wake kwanza. Alafu kelele inaanza: "Futa hiyo." "Kwani mlinipiga nikipiga chafya?" Na hapo ndani kuna yule msee mmoja, hakosekanangi, ametokelezea kwa zote. Jua ilikuwa ile ile, simu ile ile, na si ati sura yake imeshinda yako. Ako tu na rada ya mahali pa kusimama.

Hiyo ndio form yote. Sura ulipewa na mathe na mzae, hiyo stori imeisha. Lakini mwanga, umbali wa kamera na venye umebeba mwili, hizo unachagua mwenyewe. Na ndizo zinaamua kama picha itapostiwa ama itafutwa.

Jua ya saa sita ni adui

Nairobi iko digrii moja na kitu tu kusini ya ikweta. Saa sita mchana jua inakupiga utosi: macho inageuka mashimo, pua inamwaga kivuli kwa mdomo, paji la uso linawaka. Usilazimishe. Ingia kwa veranda, kama zile za majengo za kitambo pale Moi Avenue, usimame hatua moja tu ndani ya kivuli, uso ukiangalia nje kwa barabara. Mwanga ukigonga lami na ukuta wa ng'ambo unakurudia usoni ukiwa laini. Chini ya mti pia ni fiti, lakini cheki kwanza majani yasikuchore madoa ukatoka kama chui.

Jioni ndio kuna mali, sema ni ya haraka. Hapa kwetu jua haizungukizunguki, inashuka wima, na mwaka mzima ikifika saa kumi na mbili na nusu hivi imeenda. Ule mwanga wa dhahabu huko Ulaya unakaa zaidi. Sisi tunapewa kama nusu saa. So kama unataka mapicha ya saa kumi na mbili, saa kumi na moja uwe ushadunga luku na uko tao. Ukiwa bado kwa jam ya Waiyaki Way, hiyo imekuhepa.

Ngozi yetu na kamera zao

Kama uko mweusi tii na picha zinatokanga giza ama kijivu, usijilaumu. Kamera za filamu zilipangwa na ngozi nyeupe. Kuanzia miaka ya 1950, Kodak walikuwa wanasambazia malabu kadi yenye picha ya manzi mzungu, ikajulikana kama "Shirley", na rangi ya picha zote ilipimwa na yeye. Simu zimeanza kujirekebisha. Tecno wamejenga jina Afrika kwa kamera zenye zinajua ngozi nyeusi, na mwaka wa 2021 Google wakaleta Real Tone kwa Pixel 6.

Ata kama fone yako ni ya bei ya chini, kuna mbinu. Pangusa lenzi na shati kwanza, juu imebeba mafuta ya mfuko siku nzima. Alafu gusa uso wako kwa skrini. Kwa simu nyingi kijua kidogo kitatokea; kiteleze juu ama chini mpaka ngozi ionekane venye iko. Usisimame na dirisha nyuma yako ama anga nyeupe, simu itachagua anga ikuwache giza. Mafuta kidogo kwa shavu na mabega inashika mwanga wa jioni kinoma, lakini kama ni usiku na flashi itawaka, pangusa paji na tishu kwanza.

Pua haina makosa

Selfi ya karibu inadanganya. Mwaka wa 2018, watafiti wa Marekani waliandika kwa jarida moja la upasuaji wa uso kwamba picha yenye imepigwa sentimita 30 hivi kutoka usoni inapanua pua kwa karibu asilimia 30 ukilinganisha na ile ya mita moja na nusu. So kabla uanze kuchukia pua ya ukoo wenu, mpe beshte simu, arudi nyuma, azoom kidogo. Mko wengi na mnatumia ile lenzi ya 0.5? Ingia katikati. Mwenye amesimama kwa kona anavutwa mpaka kichwa inakuwa ndefu.

Alafu kuna ile kushtuka, "ai, huyu si mimi." Kioo kimekuzoesha sura yenye imegeuzwa. Mwaka wa 1977 wanasaikolojia huko Marekani walionyesha watu picha zao mbili, moja ya kawaida na moja imegeuzwa venye kioo hufanya. Wengi walipenda yao ya kioo. Mabeshte wao wakapenda ya kawaida. Meaning, beshte akikuambia umeweza, mskize. Yeye ndio hukuona venye uko.

Sasa piga pozi

Usisimame wima miguu yote ikibeba uzito sawa, hiyo ni ya kuimba wimbo wa taifa. Weka uzito kwa mguu wa nyuma, wa mbele ulegee, goti likunjike kidogo. Geuza mabega kando, alafu rudisha uso kwa kamera.

Mkono ukibanwa kwa mbavu unajipanua, so acha kanafasi kati yake na mwili. Na uupe kazi: shika kola, rekebisha saa, ama zamisha vidole vinne kwa mfuko, kidole gumba kibaki nje. Mkono usio na kazi ndio hutoa siri ati unaogopa.

Kidevu: sukuma paji mbele kidogo, alafu shusha kidevu. Utajihisi fala, lakini shingo itatoka safi. Macho: funga, pumua nje, fungua wakati anahesabu mbili. Na hiyo "sema chiiz" wachia watu wa harusi. Mwaka wa 1862 daktari Mfaransa, Duchenne, aliandika kwamba kicheko cha ukweli hukunja misuli ya kuzunguka macho, na hiyo ni ngumu kuigiza. Mwambie beshte akukumbushe ile siku ya aibu, picha ipigwe ukicheka.

Unataka miguu ndefu? Mpiga picha ashushe simu mpaka kiuno, na viatu vyako vikae karibu na ukingo wa chini wa fremu.

Nyuma yako kuna nini?

KICC imesimama tangu 1973 na orofa 28. Ukiiegemea, tutaona simiti tu. Songa mbali nayo ndio jengo lote liingie. Oktoba jakaranda zikiwa zambarau, tao yote ni studio ya bure. Kuchuchumaa mbele ya nganya pia ni moto, lakini ongea na makanga kwanza, na uende saa yenye hawajazi abiria. Kambi ya jeshi na mahali pengine pa gava penye wameandika usipige picha, hepa. Pozi haiwezi kubonga na karao.

Ukiitwa na msee wa kamera pale Kenyatta Avenue, bei ikuje kabla ya pozi. Uliza kila picha ni finje ama soo, na mkubaliane unalipia zenye umechagua, juu anaweza kupiga sitini na wewe unataka tano. Fone yako usiinue ukingoni mwa barabara. Nduthi ikipita, pozi na simu zimeenda pamoja.

Na mzee akikuambia ati vijana wa siku hizi mmezidi na mapicha, mkumbushe Mombasa. Studio ya N. V. Parekh ilikuwa inapiga watu mapicha za kutokelezea tangu miaka ya 1940. Pale Likoni karibu na feri, wapiga picha walikuwa na vibanda vyenye vimepambwa meli na ndege nyuma, unatoka kwa picha ni kama umefika majuu. Hao watu walijua hii maneno kabla yetu: kwanza chagua pa kusimama, sura itajisort.

So wikendi hii jaribu. Na ukiposti, tafadhali usiandike "nilipigwa bila kujua." Tunajua ulipiga mia ukachagua moja.