Hewa: Adui na Msaidizi wa Magari ya Mashindano

Miongoni mwa wasikilizaji wetu wamo wengi wanaoishi Louisville, Columbus na Buffalo, miji ya Marekani ambako Kiswahili sasa husikika madukani na katika nyumba za ibada. Huenda si wote wanaofahamu kwamba kila mmoja wa miji hiyo mitatu una sehemu yake katika historia ya magari ya mashindano na mapambano yake dhidi ya hewa.

Tuanzie Buffalo. Tarehe 12 Februari 1908, gari la Thomas Flyer, lililoundwa mjini humo, liliondoka New York kushindana na magari mengine matano hadi Paris. Lilifika tarehe 30 Julai na likatangazwa mshindi. Lilikuwa gari la wazi, na waliolipanda waliketi wima kuukabili upepo. Umbo hilo halikuwa na madhara makubwa, kwani kwa mwendo wa siku zile maadui wakuu walikuwa theluji na matope.

Mambo hubadilika mwendo unapozidi. Mwendo ukiongezeka mara 2, kani ya hewa inayolizuia gari huongezeka mara 4, na nguvu ya injini inayohitajika kuishinda huongezeka mara 8. Aidha, hewa hailizuii gari kwa mbele pekee. Nyuma ya gari butu hubaki eneo lenye mkandamizo mdogo, ambalo hulivuta gari kinyumenyume. Wavuvi wa pwani yetu wanamjua jodari: mwili wake hupungua polepole kuelekea mkiani, na maji hujifunga nyuma yake bila vurugu.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ohio State, mjini Columbus, waliifuata kanuni hiyo walipounda magari ya umeme yaitwayo Buckeye Bullet. Mwezi Septemba 2016, gari lao la tatu, lililoundwa kwa ushirikiano na kampuni ya Venturi ya Monaco, lilikimbia kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimboni Utah. Likiendeshwa na Roger Schroer, lilifikia wastani wa takriban kilomita 549 kwa saa katika safari mbili, kwenda na kurudi. Ni gari refu na jembamba, lenye pezi nyuma linalolinyoosha kama manyoya yanyooshavyo mshale.

Lakini gari la Bonneville hukimbia moja kwa moja. Gari linalopaswa kukata kona lina haja nyingine: kushikamana na barabara. Ndiyo maana hufungwa mabawa yaliyopinduliwa. Bawa la ndege huinua. Hili hukandamiza matairi chini. Bei yake ni kuongezeka kwa ukinzani wa hewa, na kazi ya mhandisi ni kutafuta mizani kati ya mambo hayo mawili.

Danny Sullivan, mzaliwa wa Louisville, alionja hatari ya mizani hiyo katika mashindano ya Indianapolis 500 ya mwaka 1985. Katika mzunguko wa 120, alipokuwa akimpita Mario Andretti, gari lake lilizunguka duara zima katikati ya moshi wa matairi. Gari likigeuka ubavu, hewa haipiti tena juu ya mabawa ilivyokusudiwa, na kani ya kulikandamiza hupungua ghafla. Sullivan aliponea chupuchupu kuugonga ukuta, akaendelea, na hatimaye akashinda.

Mwaka uliofuata ushindi ulikwenda kwa Bobby Rahal, wa timu ya Truesports ya Columbus. Alikuwa wa kwanza kumaliza maili hizo 500 kwa muda usiofika saa 3. Mwenye timu, Jim Trueman, aliyekuwa akiugua saratani, aliushuhudia ushindi huo na kufariki dunia siku 11 baadaye. Magari yote mawili, la Sullivan na la Rahal, yalibuniwa na mhandisi mmoja Mwingereza, Adrian Newey.

Je, haya yanamhusu vipi msikilizaji asiyeshindana na mtu? Baadhi yenu mnaendesha malori katika barabara kuu za Marekani. Mapazia yale yafungwayo ubavuni, chini ya tela, yana kazi moja: kuzuia hewa isivurugike huko chini. Dereva akipunguza mwendo kidogo, hewa nayo hupunguza sana kile inachomdai katika tangi la mafuta.