Neno "Let" na Maana Zake

Apitaye Karen, upande wa magharibi wa Nairobi, huona malangoni mwa nyumba vibao vilivyoandikwa "To Let". Maana yake ni kwamba mwenye nyumba atafuta mpangaji. Mpangaji mwenyewe hasemi "let", husema "rent". Kiswahili chetu hapa ni wazi zaidi, kwani mmoja apangisha na mwingine apanga. Lakini "rent" Waingereza hulitumia kwa wote wawili, hata msikiaji asijue mwenye nyumba ni nani. Motokaa huitiwa "hire", na ardhi ya miaka mingi "lease". Neno hili la mwisho ni zito: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haimruhusu asiye raia kushika ardhi ila kwa "lease", nayo isizidi miaka 99.

Lakini maana kubwa ya "let" ni kuacha au kuruhusu. "Let him come", yaani mwache aje. "Let us go" ni twende, na hapo neno letu moja latosha kwa matatu yao. Likiongezwa neno dogo nyuma yake, maana hugeuka. "Let down" ni kushusha, kama ndoo kisimani. Tena ni kumvunja mtu tumaini. "Let off" ni kumsamehe mkosaji. "Let alone" mara nyingi ni sembuse: hana baiskeli, sembuse motokaa!

La kuangaliwa sana ni "let go". Kwa mkono, ni kuachilia kamba. Kwa kinywa cha mwajiri ni jambo jingine. Mpishi au mtunza bustani akiambiwa, "We have to let you go", yamkini atadhani amepewa ruhusa ya kwenda kwao kupumzika, naye akashukuru. Kumbe ameachishwa kazi. Waingereza hupenda kulifunika jambo chungu kwa neno laini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka kwa kawaida mtu alipwaye kwa mwezi apewe ilani ya siku 28 kwa maandishi. Na kama hawezi kuielewa, mwajiri ahakikishe kwamba ameelezwa kwa mdomo kwa lugha aijuayo. Basi mwenye shaka aulize papo hapo: je, ni likizo, au kazi imekwisha?

Ajabu ni kwamba katika pasipoti ya Uingereza "let" ni kinyume cha kuruhusu: yaombwa mwenye pasipoti apite bila "let", yaani bila kizuizi. Zamani yalikuwa maneno mawili mbalimbali, yakaja kufanana kwa sauti. Lile la kuzuia limekaribia kufa, ila lingali laishi katika tenisi. Mpira wa kuanzia ukigusa wavu kisha ukaangukia mahali pake, mwamuzi husema "let", nao hupigwa upya.