Mpira wa Mkojo: Usinyamaze Ukikojoa kwa Shida

Mgonjwa akishindwa kukojoa, au akifanyiwa upasuaji mkubwa, huwekewa mpira wa mkojo hospitalini. Mpira huo umeokoa maisha ya watu wengi. Lakini wakati mwingine huumiza njia ya mkojo. Maumivu huisha, mgonjwa hurudi nyumbani, naye husahau. Madhara yake huweza kuonekana baada ya miezi mingi, hata miaka.

Mpira unavyofanya kazi

Mpira hupitishwa katika njia ya mkojo mpaka ndani ya kibofu. Karibu na ncha yake pana puto dogo. Mpira ukishafika kibofuni, muuguzi hujaza puto maji kidogo, mara nyingi kiasi cha vijiko viwili vya chai. Puto likijaa, mpira hauchomoki. Mpira wa namna hii ulianza katika miaka ya 1930. Aliyeutengeneza ni daktari wa Marekani, Frederic Foley.

Jeraha hutokeaje?

Puto likijazwa maji kabla ya kufika kibofuni, hupasua njia ya mkojo. Mpira ukisukumwa kwa nguvu, huchubua. Mgonjwa akiuvuta mwenyewe puto likiwa limejaa, hujichana ndani. Mpira ukikaa siku nyingi mno nao hudhuru.

Wanaume huumia zaidi. Njia yao ya mkojo ina urefu wa sentimeta 20 hivi, tena ina kona. Ya wanawake ni fupi, sentimeta 4 hivi.

Kovu hubana njia

Ukijikata na jembe, kidonda kikipona huacha kovu gumu. Ndani ya njia ya mkojo ni vivyo hivyo. Kovu hujikunja na kuibana njia, kama tope linavyoziba mfereji wa maji.

Dalili zake ni hizi: mkojo hutoka mwembamba au hutawanyika, mtu hujikamua ili akojoe, akimaliza, huona bado mkojo umebaki, tena huenda chooni mara kwa mara.

Mkojo unaobaki kibofuni huleta wadudu wa magonjwa na vijiwe. Mtu hupata homa na maumivu. Hali hiyo ikiendelea, mkojo hurudi nyuma na kuharibu figo. Figo zikifa, maisha yamo hatarini.

Aibu isikuue

Wanaume wengi huficha dalili hizi. Wengine huogopa kuambiwa wana kisonono. Ni kweli kisonono huweza kubana njia ya mkojo. Lakini mpira nao huweza, na hata kuumia nyonga kwa ajali. Mke asimshuku mumewe kabla ya vipimo. Wala mtu asidhani amerogwa. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

Usinywe dawa za kuongeza mkojo. Njia ikiwa imebana, mkojo mwingi utapita wapi?

Nenda zahanati. Mwambie mganga wazi: "Mwaka fulani niliwekewa mpira wa mkojo." Maneno hayo yatamsaidia sana, naye ataweza kukupeleka hospitali kubwa. Huko madaktari huweza kupanua njia, au kulikata kovu na kuitengeneza njia upya. Wakati mwingine hutumia ngozi laini ya ndani ya shavu. Hospitali za Muhimbili, Dar es Salaam, na KCMC, Moshi, zina madaktari wa kazi hiyo.

Ukishindwa kukojoa kabisa na tumbo la chini likavimba, usingoje kesho. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usikubali mtu asiye na mafunzo akuwekee mpira nyumbani. Njia ikiwa imeziba, daktari huweza kupitisha mpira katika tumbo, chini ya kitovu.

Ukiwa na mpira, fanya hivi

1. Usiuvute wala usiukate. Ukitaka kugeuka kitandani, shika mfuko kwanza.
2. Mwombe muuguzi aubandike mpira kwenye paja kwa plasta.
3. Mfuko uwe chini ya kibofu, lakini usiguse sakafu. Mpira usijikunje.
4. Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kuugusa. Osha sehemu hiyo kila siku kwa maji na sabuni.
5. Uliza kila siku: "Mpira huu utatolewa lini?" Kuuliza si utovu wa adabu.
6. Ukiona damu, ukisikia maumivu makali puto linapojazwa, au mkojo ukiacha kutoka, sema papo hapo.
7. Ukirudi nyumbani na mpira, shika tarehe ya kuutoa au kuubadilisha.

Wewe unayemwuguza mgonjwa, kumbuka kwamba mzee aliyechanganyikiwa kwa homa huweza kuung'oa mpira usiku. Kaa karibu naye.

Ndugu msomaji, mpira wa mkojo si adui. Ukiuhitaji, ukubali. Lakini ukitoka hospitali, angalia mkojo wako unavyotoka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini jeraha la leo huweza kuleta shida baada ya mwaka mzima?
2. Kwa nini wanaume wa kijiji chetu huficha ugonjwa huu?
3. Tufanye nini ili wasione aibu kwenda zahanati?