Nauli ya Embu na Meru: Kadi haikufika huku, lakini hesabu yake unaweza kuijua

Kama unasoma Chuo Kikuu cha Embu, Chuka ama MUST kule Nchiru, au umetoka Meru kuja kutafuta kibarua Nairobi, kuna hesabu unayofanya kila mwezi ambayo hakuna mwalimu aliyekufunza. Nauli. Jumanne umelipa pesa hii. Ijumaa ni gari lilelile, kiti kilekile, barabara ileile, na makanga anakutajia bei nyingine. Ukiuliza sababu unaambiwa, "Leo ndivyo iko." Ukibishana, aliye nyuma yako ashaingia na kukaa.

Rafiki yako anayeishi Syokimau au Ruiru akipanda treni ya jiji asubuhi, nauli yake anaijua hata kabla hajatoka kitandani. Sisi wa huku mlimani treni hatuna. Reli iliyo karibu na Meru inaishia Nanyuki, na mtu wa Embu akitaka kuiona itabidi aende Sagana. Chetu ni matatu. Na nauli ya matatu, ingawa inaonekana kama ya kubahatisha, ina mpango wake. Ukiujua, utaacha kulipa zaidi ya unavyopaswa.

Jina lenyewe ni nauli

Neno "matatu" lilitoka kwa nauli. Magari haya yalipoanza Nairobi, abiria alilipa sarafu tatu za senti kumi, mang'otore matatu kwa Kikuyu. Yaani senti 30, na gari likaitwa kwa bei yake. Mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu yabebe abiria bila leseni maalum, na biashara ikalipuka.

Tangu hapo sheria zimekuja moja baada ya nyingine. Kanuni za Michuki, zilizoanza kutekelezwa 2004, zilileta mikanda na vidhibiti mwendo. Baadaye wenye magari wakalazimishwa kujiunga na Sacco au kampuni. Kisha ikaja NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya 2012. Sasa angalia orodha hiyo vizuri: yote inahusu gari, dereva na mwendo. Kuhusu wewe unalipa ngapi, kimya.

Kenya, serikali haipangi nauli ya matatu. Jirani zetu Tanzania wana LATRA, mamlaka inayotangaza kiwango cha nauli za mabasi, na konda akizidisha abiria ana mahali pa kumshtaki. Hapa kwetu bei hupangwa na wenye magari na Sacco zao, na mara nyingi hupangiwa palepale steji.

Kile serikali inapanga ni bei ya mafuta. EPRA huitangaza tarehe 14 ya kila mwezi, na inaanza kutumika tarehe 15. Kwa hivyo hiyo ni tarehe ya kwanza ya kuweka kwenye kalenda yako. Mafuta yakipanda, usishangae ukikuta nauli imeguswa wiki hiyo. Yakishuka, usingoje kwa hamu.

Kwa nini treni haikushtui

Kituo cha Syokimau kilifunguliwa Novemba 2012, na Novemba 2020 treni za jiji zikaongezewa mabehewa yaliyonunuliwa Uhispania. Nauli ya treni hizo inategemea kituo unachoshukia. Mvua ikinyesha Nairobi na jiji lote likasimama, tiketi haipandi bei.

Hata Madaraka Express ya Mombasa iko hivyo. Januari 1, 2024 nauli ya daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa ilitoka Sh1,000 ikawa Sh1,500, na ya daraja la kwanza ikatoka Sh3,000 hadi Sh4,500. Ilikuwa chungu. Lakini ilitangazwa mapema, kwa maandishi, na wote walipandishiwa sawa. Ukipiga *639# wiki ya Krismasi, hakuna mtu wa kukuangalia begi na viatu ndiyo akutajie bei.

Hiyo ndiyo tofauti kubwa. Si lazima treni iwe rahisi kuliko matatu. Faida yake ni kwamba unaweza kupanga bajeti ukiwa nyumbani.

Kadi zilienda wapi?

Usidhani hakuna aliyejaribu kuleta kadi kwenye matatu. Mwaka wa 2013 Google na benki ya Equity walizindua BebaPay jijini Nairobi. Unaijaza pesa, unaigusisha kwenye simu ya konda, nauli inakatwa. KCB nayo ikatoa Abiria Card, na kukawa na nyingine iliyoitwa My 1963. Serikali ikaweka makataa ya Julai 1, 2014 kuwa nauli zote zilipwe bila pesa taslimu, kisha ikayasogeza hadi Desemba mwaka huohuo. Machi 2015, BebaPay ikafungwa.

Wengi husema teknolojia ilifeli. Lakini hebu fuata soo tano yako uone inakoenda. Dereva na makanga wakichukua gari asubuhi wana "target" ya kumpelekea mwenye gari jioni. Kabla ya hapo kuna mafuta. Kuna manamba wa steji, analipwa kwa kila gari linalojaa. Kuna ada ya Sacco ya kila siku. Kuna kitu kidogo cha barabarani, unajua ni kipi. Kinachobaki baada ya hayo yote ndicho mshahara wao, na skwodi aliyeshikiliwa gari kwa saa mbili naye anataka chake. Yote hulipwa siku hiyohiyo, noti mkononi.

Kadi inapeleka pesa moja kwa moja kwa akaunti. Mwenye gari angefurahi, kwa sababu kwa mara ya kwanza angejua gari lake limeingiza ngapi. Lakini aliyepaswa kuipokea kadi mlangoni ni makanga, na yeye ndiye angelala njaa. Zaidi ya hayo, kadi inahitaji bei inayojulikana kabla ya safari. Kadi haijui kubishana. Ukiweka kadi mahali nauli inabadilika mara nne kwa siku, mashine ikatwe ngapi?

Kwa hivyo mtu akikuambia kadi itarudi karibuni na kumaliza shida ya nauli, mwulize kwanza: bei itaandikwa wapi?

Nauli inafuata watu, nawe usiifuate

Tuje kwa siri yenyewe. Gari la viti 14 likitoka Nairobi jioni ya Ijumaa, linajaa kwa dakika chache. Lakini likifika Embu usiku, nani atalirudisha Nairobi? Karibu hakuna. Kwa hivyo wewe uliyepanda unalipia viti viwili: chako, na kile kitakachorudi kitupu. Jumapili mchana mambo yanageuka, kushuka Nairobi kunakuwa ghali na kupanda mlimani kunakuwa nafuu.

Desemba ni hivyo hivyo, ila kwa ukubwa. Wiki ya Krismasi magari yanapanda Meru yamejaa na kuteremka na watu wawili watatu. Januari, shule zikikaribia kufunguliwa, ni kinyume.

Sasa fikiria kama nyumbani kwenu ni Nairobi na unasoma Embu au Chuka. Ukienda nyumbani Ijumaa, unasafiri kinyume cha umati. Una nguvu ya kuuliza bei na kuteremshiwa. Anayesoma Nairobi na kwao ni Maua hana bahati hiyo. Yeye dawa yake ni kubadilisha siku. Tuseme nauli yako ya kawaida ni soo tano na ya sikukuu ni thao. Ukipanda tarehe 18 badala ya 23, na ukateremka kabla ya wikendi ya kufungua shule, umeokoa soo tano kwenda na soo tano kurudi. Thao nzima. Kwa mtu anayejipikia kwa bedsitter, hiyo ni unga, mayai na bando.

Kuna la kushuka njiani pia. Ukipanda gari la Meru linalopitia Embu na unashuka Runyenjes, usishangae ukiitishwa nauli ya Meru. Makanga anaogopa kiti chako kitasafiri kitupu kutoka hapo. Panda gari la Embu, kisha uunganishe.

Kinyume chake, ukiwa Chuka au Chogoria kando ya barabara na gari la mbali likipita na kiti kimoja wazi, hapo wewe ndiye unashikilia bei. Kiti hicho kisipopata wewe hakina kitu. Taja nauli yako kabla ya kuingia, na usiingie kama kiti hakipo. Kukaa kwenye kijibao katikati ya viti si punguzo, ni hatari.

Simu yako ndiyo kadi yako

Kadi haikufika Embu na Meru, lakini M-Pesa ilifika. Itumie kama mtu anayetunza rekodi.

Kwanza, uliza kama gari au ofisi ya Sacco ina Till. Ukilipa kwa Till hukatwi ada. Ukituma kwa nambari ya makanga kiasi cha zaidi ya Sh500 hadi Sh1,000, Safaricom inakukata Sh13 juu ya nauli. Safari nne kwa mwezi, hiyo ni zaidi ya mbao mbili.

Pili, jina likitokea kwenye skrini kabla hujathibitisha, lisome. Gari likiwa mwendoni na watu wanasukumana ndipo watu hutuma pesa kwa nambari isiyofaa. Ikitokea, tuma ujumbe ule wa M-Pesa kwa 456 mara moja, kabla aliyepokea hajaitoa.

Tatu, na hili ndilo kubwa: usitupe tiketi. Ukikata tiketi steji, hakikisha ina nambari ya gari, tarehe na kiasi ulicholipa. Unajua vile gari hupungukiwa na abiria na mnafika Makutano ya Mwea mkaambiwa mhamie lingine? Mmeuzwa. Huko kwa gari la pili, asiye na tiketi huwa ndiye anaitishwa nauli mara ya pili. Mwenye karatasi anaionyesha na kukaa.

Kuna sababu nzito zaidi. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inalazimisha gari la abiria kuwa na bima inayowagharamia walio ndani. Ajali ikitokea, swali la kwanza ni kama kweli ulikuwa kwenye gari hilo. Tiketi yako, au ujumbe wa M-Pesa wenye saa na jina, ni ushahidi. Mtumie mtu wa nyumbani picha ya tiketi kabla gari halijang'oa nanga. Ni sekunde kumi tu.

Cha kuuliza kwa sauti

Kupanga safari vizuri kutakuokolea pesa, lakini hakutamsaidia mama anayempeleka mtoto hospitali Ijumaa jioni. Yeye hana siku ya kuchagua. Ndiyo maana kuna jambo moja vijana wa kaunti hizi mbili wanaweza kuitisha: nauli iandikwe.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaipa serikali ya kaunti kazi ya uchukuzi wa umma wa barabarani. Steji ni za kaunti. Si lazima kaunti iwapangie wenye magari bei; wana gharama zao, na wiki ya Krismasi wanarudi na viti vitupu kweli. Lakini inaweza kuitisha kila Sacco iandike kwenye ubao nauli yake ya kawaida, ya Ijumaa jioni na ya sikukuu, na isiibadilishe bila kutoa notisi. Mwakilishi wako wa wadi anapatikana, na vikao vya umma vya bajeti huitwa kila mwaka. Nenda na swali hilo.

Kabla ubao haujaja, uliza bei kabla ya kuketi, lipia Till, na tiketi iweke mfukoni mpaka ufike.