Kutoka Karakuri hadi Roboti Inayoongozwa kwa Mbali

Roboti yenye umbo la mtu inayoongozwa kwa mbali, yaani mashine inayotii amri za mwendeshaji aliye kwingine kupitia intaneti, ina watangulizi nchini Japani, kwani mafundi wa zama za Edo (1603–1868) walitengeneza karakuri, sanamu za mbao zinazojiendesha kwa magurudumu ya meno na springi zilizotokana na sahani za kinywani mwa nyangumi. Mojawapo ilimpelekea mgeni kikombe cha chai, ikasimama alipokichukua, na kugeuka alipokirudisha. Michoro yake ilichapishwa mwaka 1796 katika kitabu cha Hosokawa Hanzō.

Leo kazi hiyohiyo ya kuandalia wageni vinywaji hufanywa na OriHime-D, roboti yenye kimo cha takriban sentimita 120, katika mkahawa wa DAWN uliofunguliwa Tokyo mwaka 2021, ambapo waendeshaji ni watu wasioweza kutoka nyumbani kwa ulemavu au maradhi, baadhi yao wakiandika amri kwa kusogeza macho tu. Hapo ndipo ubora wa teknolojia hii ulipo: inamrudishia mtu kazi, mshahara na wenzake.

Kwa msomaji wa Kilifi, umbo la mtu lililochongwa kwa mbao lina uzito wake, kwa kuwa Wagiriama huchonga vigango kuwaenzi wazee wa chama cha Gohu waliofariki. Kigango, hata hivyo, hakiendeshwi na yeyote wala hakihamishwi ovyo, na baadhi ya vilivyoibwa vimerejeshwa kutoka Marekani.